Vigoda vya Mlangoni

Uligeuza uso. Usiseme ulikuwa kazini. Alhamisi ile zamu yako ilikuwa ya jioni. Ulikuwa umeketi kwenye holi ya mtaa, safu ya tatu, ukichezea vifungo vya shati. Basi sikiliza tena kisa cha Truphena, mama Otieno, mjane wa Amolo wa reli, tuone mara hii utatazama wapi.

Mtaa wetu ulikuwa na ada moja. Mtu akiletewa barua ya kutolewa nyumbani, kila nyumba ilitoa kigoda kimoja, na mwenye kigoda akaja kukikalia mlangoni pa jirani tangu alfajiri. Hakuna kelele, hakuna jiwe. Askari wa meneja wa mtaa walifika na marungu yao wakakuta watu sitini wanachambua mboga za sukuma na kunywa chai, wakakosa pa kupitishia kitanda. Wa kwanza kuketiwa hivyo alikuwa Phares, mwaka wa sabini na nne, alipofutwa kazi. Amolo ndiye aliyetangulia na kigoda. Chama kilipoundwa, Phares akafanywa mwenyekiti, maana nani angeujua uchungu ule kumshinda?

Mwaka wa themanini Amolo akafa, na barua ikamfikia Truphena: atoke Alhamisi, saa tatu asubuhi. Alimpelekea Phares. Phares aliisoma akiwa wima, akaikunja, akamwambia asiwe na wasiwasi, siku hizi mambo yanakwenda kwa utaratibu. Ile ya kukaa vumbini kama kuku ilikuwa ya zamani, sasa chama kimekomaa. Hakumkaribisha ndani. Truphena alipogeuka kuondoka, akakiona kigoda cha Phares kando ya mlango. Kilikuwa kimebebeshwa chungu cha maua, na kuvu imeota miguuni. Kigoda kile hakikuwa kimeinuliwa tangu masika yaliyopita.

Jumatano tangazo likapita nyumba hadi nyumba. Mkutano mkuu, kesho, saa mbili na nusu, holini. Kila mtu afike, mlango ufungwe kwa ajili ya nidhamu, na vigoda wasije navyo, kuna viti vipya. Aliyevileta viti hakutajwa.

Truphena alimpelekea Waringa, jirani yake mshonaji, shaka yake: mbona mkutano umewekwa saa ileile ya kutolewa kwake? Waringa alicheka bila kuacha cherehani.

"Mama Otieno, msiba umekufundisha kushuku hata kivuli. Si ni Phares yuleyule tuliyemketia siku mbili?"

"Yule tuliyemketia alikuwa na njaa," Truphena akasema. "Huyu simjui."

Asubuhi alifunga nyumba, akabeba kigoda cha marehemu mpaka holini, akakiweka mbele ya meza kuu, akakaa. Phares akamweleza kwa upole kwamba suala la wajane ni ajenda ya saba.

"Shemeji," Truphena akasema, "sasa ni saa tatu kasorobo. Wanaokuja kwangu, nani kawaambia kwamba leo mlangoni hakuna mtu?"

Phares aliinamia karatasi zake, akaanza kusoma ajenda ya pili. Alisoma haraka, kama mtoto anayekariri mbele ya mwalimu. Ni hapo Waringa alipoinuka. Makokha, fundi wa baiskeli, akaenda akavuta komeo la mlango. Walitoka watu kumi na mmoja, wakakimbia, wakafika, wakaketi chini kwenye saruji kwa kuwa vigoda vyao walikuwa wameviacha nyumbani kama walivyoagizwa.

Kumi na mmoja hawazibi mlango. Saa tatu na robo kitanda cha Amolo kilipita juu ya vichwa vyao. Wewe ulibaki holini mpaka ajenda ya saba, nayo ikaahirishwa.

Sasa barua imemfikia Waringa. Ni kesho, saa tatu, na tangazo la mkutano limeshaanza kupita. Usimwendee Phares kumuuliza kulikoni. Kigoda chake kimekwisha kukujibu. Chako kiko wapi? Ondoa ndoo uliyoweka juu yake. Kibebe, na ukipita kwa jirani mgongee naye atoe chake. Toka sasa.