Kilo Tatu za Huruma

Asubuhi ile Kitinda alishindwa kufungua dawa ya meno. Kitu chenyewe kidogo, kifuniko cha plastiki ambacho hata mtoto wa chekechea hukizungusha, lakini mkono wake wa kulia ulifika pale ukagoma, na yeye, mchezaji wa nne kwa ubora wa tenisi duniani, akaking'ata kwa meno mpaka kikaachia. Dada yake alikuwa amesimama mlangoni mwa bafu la hoteli, taulo begani, akaona yote.

"Usimwambie Baba," Kitinda alisema, povu mdomoni.

"Nimwambie nini? Kwani nimeona nini?"

"Ndiyo hivyo hivyo."

Dada mtu wote walimwita Fundi, hata baba yake mzazi, kwa sababu ndiye aliyekaza nyuzi za raketi za mdogo wake tangu enzi za uwanja wa shule wenye wavu wa kuungaunga. Kitinda aliitwa Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yao. Baba alikuwa kocha. Mama alibaki nyumbani, akitazama mechi kwenye simu huku kaziba uso kwa kiganja na kuchungulia kati ya vidole. Basi, hao watatu walihama hoteli hadi hoteli miezi kumi na moja kwa mwaka kama watu wanaofukuzwa, na mwezi uliobaki, ambao wenyewe waliuita mapumziko, ulikuwa wa mazoezi.

Usipotokea kwenye mashindano ya lazima unaandikiwa sifuri, na jina lako linaanza kuteremka. Na ya lazima yalikuwa mengi mpaka neno lenyewe limechakaa. Wiki mbili nyuma daktari aliwaonyesha picha ya kifundo cha mkono wa Kitinda, akawaambia kwamba ukano, ule unaofunga msuli na mfupa, umechanika nusu. Akiendelea kucheza utakatika, ukikatika ni kisu, na baada ya kisu hakuna wa kuahidi kitu. Baba alisikiliza kwa heshima zote, akamshukuru daktari, na nje kwenye korido akasema, "Hii wiki tu, mwanangu. Tukimaliza hii tunapumzika."

Fundi aliijua hiyo wiki. Ilikuwa imeshazaa na kupata wajukuu.

Siku hiyo ilikuwa robo fainali. Fundi alifika mapema kwenye chumba cha mafundi wa nyuzi, chini ya majukwaa, chumba kisicho na dirisha, chenye mashine zilizopangwa kandokando ya ukuta na raketi zimelazwa juu yake kama wagonjwa wanaosubiri kupasuliwa. Kulikuwa na televisheni moja juu kabisa, karibu na dari, na wote walikuwa na shingo mbovu kwa ajili yake. Hakukaa. Alizunguka meza, akapanga mkasi, akaupangua, akaenda kunawa mikono ambayo ilikuwa safi.

"Unanitia kizunguzungu," alisema jirani yake wa meza ya pili, mzee waliyemwita Koleo kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila koleo mkononi. "Kaa chini, au nenda kazunguke nje."

"Mdogo wangu anaumwa."

"Nani haumwi? Nitajie mmoja kwenye mashindano haya ambaye haumwi, nikununulie soda."

"Ndiyo hiyo ninayosema mimi. Kazi gani hii ambayo hakuna mzima?"

"Kazi nzuri. Mimi nilibeba saruji kabla ya hizi nyuzi. Mgongo uliuma vilevile na hakuna aliyenipigia makofi. Hawa wanalala kwenye magodoro ya kuzama, wanapigwa picha. Waache wacheze."

"Na ulipochoka na saruji ulifanyaje?"

"Niliacha."

"Ulimwomba nani ruhusa?"

Koleo alifikiri kidogo. "Mke wangu," alisema, na mafundi wawili watatu wakacheka.

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," Fundi alisema, akamgeuzia mgongo.

Hasira ilikuwa imempanda, na si kwa Koleo. Ilikuwa kwa baba yake, kwa chama cha tenisi, kwa wale waliopanga ratiba ya mwaka mzima wakiwa wamekaa kwenye viti vya kuzunguka, na kwa watu elfu kadhaa ambao mchana ule wangekuja na kofia zao kutazama mtoto wa mwenzao akichanika. Alifunga raketi ya kwanza kwenye mashine. Kitinda alitaka kilo ishirini na tano, mwaka hadi mwaka, jua liwake mvua inyeshe. Nyuzi zikikazwa hivyo raketi inakuwa ngumu kama ubao. Mpira unakwenda pale pale unapoutuma, lakini kila pigo linakurudia mkononi. Ukizilegeza, pigo linakuwa laini na mkono unapumua, ila mpira nao unakuwa mtoro.

Fundi aliweka ishirini na mbili.

Kilo tatu. Aliitazama ile namba kwenye kioo cha mashine mpaka ikaanza kucheza machoni. Kisha akavuta uzi wa kwanza, wa pili, na baada ya hapo mikono ilijiendea yenyewe. Akamaliza raketi sita, zote hivyo hivyo. Kwenye karatasi ndogo inayobandikwa shingoni mwa kila raketi aliandika ishirini na tano, kama siku zote, akazivisha mifuko yake ya plastiki. Hakuwahi kumdanganya Kitinda, hata mambo ya wavulana. Lakini alishapiga hesabu yake. Akishinda, atashinda bila kuumia. Akishindwa, atalala. Kote kheri.

Na Kitinda asingejua mapema, kwa sababu mazoezi ya asubuhi aliyafanya na raketi za jana. Mpya hufunguliwa uwanjani, mechi ikianza.

Mechi ilianza, na Fundi akaitazama kwenye ile televisheni. Mpira wa kwanza mrefu wa Kitinda ulitoka nje kwa kiganja kizima. Wa pili ukatoka. Fundi alijiuma kidole. Kitinda aliitazama raketi yake kama mtu aliyesalimiwa na asiyemjua, akaendelea. Gemu ya tatu akafungua nyingine, akapiga, mpira ukapaa. Akasimama kidogo, akazigonga nyuzi kwa kiganja, akatega sikio.

Kisha akaanza kufanya jambo ambalo Fundi hakuliwaza kabisa. Alianza kuufunika mpira. Kila ulipomjia aliukunjia kifundo cha mkono kwa juu, kwa nguvu, kama mtu anayefunga bomba lililokufa, ili auzungushe uteremke ndani ya mstari. Tena na tena, kwa kifundo kile kile kilichoshindwa na kifuniko cha dawa ya meno.

Fundi aliuweka mkasi chini. Ujinga gani huu? Miaka yote hiyo anazijua nyuzi, akazifikiria nyuzi, akasahau zinashikwa na nani. Kitinda hakuwa mtu wa kuuacha mpira utoke. Ukipaa, angeushusha, hata kwa kuung'oa mkono.

"Mbona anaukunja hivyo?" Koleo aliuliza. Safari hii hakuwa na mzaha.

Seti ya kwanza ilikwenda upande wa pili, na mapumzikoni Kitinda alikaa kwenye kiti chake akiwa ameuficha mkono chini ya taulo.

Haukupita muda mlango ukafunguliwa. Aliingia mama mmoja wa uwanjani, redio ya mkononi imening'inia kiunoni, raketi mbili kwapani.

"Wewe ndiye dada yake?"

"Mimi."

"Amesema kilo ishirini na tano." Yule mama alisita, kama mtu aliyebebeshwa maneno asiyoyaelewa. "Amesema, za kweli."

Chumba kizima kilisikia. Fundi alizipokea raketi, akakata nyuzi zake mwenyewe kwa mkasi, zikadondoka miguuni. Mikono ilifanya haraka, lakini ilipofika kwenye namba ikasimama. Angeweza kuchelewa. Uzi ukikatika njiani hakuna wa kumlaumu, maana nyuzi hukatika. Angechelewa kidogo tu, mechi ingeisha, Kitinda angepoteza, na kesho asubuhi angelala mpaka jua limpige usoni. Alikuwa na mdogo mmoja tu. Nani angemlaani?

"Mwanangu," Koleo alisema bila kuinua macho, "mtu yuko uwanjani anasubiri alichoagiza."

Fundi aliweka ishirini na tano. Alikaza huku machozi yakimtoka, ya hasira zaidi kuliko huzuni, akiyafutia begani ili asipoteze sekunde. Hakumkabidhi yule mama. Alizibeba mwenyewe, akapanda ngazi mbili mbili mpaka juani.

Kitinda alizipokea kutoka kwa msimamizi, akachana plastiki, akazigonga nyuzi kwa kiganja. Hakugeuka upande wa dada yake. Fundi alikwenda kukaa karibu na Baba, ambaye kofia yake ilikuwa imelowa jasho mpaka ukingoni.

"Nyuzi zilikuwa na nini?" Baba aliuliza.

"Tulia utazame, Baba."

Akatazama. Mpira ulirudi kutii. Kitinda alichukua seti ya pili kwa ubishi mtupu, na ya tatu ikawa ya kukimbizana, watu wakipiga makofi mpaka majukwaa yakatetemeka. Kila pigo Fundi alilisikia kwenye kifundo chake mwenyewe. Karibu na mwisho Kitinda alipiga mpira mmoja wa mbali, akatoa sauti ambayo hakuwahi kuitoa, na kuanzia hapo akawa anapiga kama mtu anayesukuma mlango kwa kiwiko. Mpinzani wake hakuliona hilo. Alikuwa na woga wake. Mpira wa mwisho aliutia wavuni mwenyewe, na kwa hiyo Kitinda akawa ameshinda.

Baba alirusha mikono juu. Kisha akaona binti yake anavyompa mpinzani mkono kwenye wavu, na mikono yake ikateremka polepole. Alikuwa akimpa wa kushoto.

Daktari hakuchukua muda. Aliuminya mkono mahali pamoja, akauminya pengine, akasema kwamba picha itapigwa lakini yeye hana shaka: ukano umekatika. Miezi minane, kisu kikienda vizuri. Baba alikaa kwenye benchi la chumba cha matibabu, akavua kofia, akaigeuzageuza.

"Nusu fainali," alianza, na sentensi ikamfia. Akamtazama Kitinda. "Nilisema wiki hii tu."

"Ulisema, Baba."

"Ngoja nimpigie mama yenu." Akatoka, na walimsikia akisimama nyuma ya mlango kwa muda, hapigi simu wala hatembei. Daktari naye akaenda kushughulikia picha.

Fundi alibaki na mdogo wake. Kitinda alikuwa amekaa kwenye kitanda kirefu, mkono umefungwa barafu, miguu inaning'inia, viatu bado vina vumbi la uwanja.

"Nisamehe," Fundi alisema. "Nilitaka upumzike. Wallahi ndicho tu nilichotaka."

"Ngoja kwanza, nikwambie kitu." Kitinda hakupandisha sauti. "Leo asubuhi, ulipoondoka pale mlangoni mwa bafu, niliamua. Nitacheza seti moja, kwa sababu watu wamekuja. Seti ikiisha, nishinde nisishinde, nakwenda kwa mwamuzi namwambia basi, mkono umekataa. Kisha narudi nyumbani. Sikumwambia Baba. Sikukwambia wewe. Nilitaka kuwe na jambo moja, Dada, moja tu, ambalo nimelipanga mimi."

Fundi aliushika ukingo wa kitanda.

"Nikapiga mpira ukapaa. Nikasema ni mkono huu. Nikabadilisha raketi, ukapaa. Nikazigonga nyuzi, nikasikia, nikajua ni wewe. Sasa nifanyeje? Nikitoka, nimetoka mimi au nimetolewa? Ratiba inanipangia chama, chakula ananipangia mpishi, Baba ananipangia wiki zake. Kumbe na wewe. Nikakaa pale kwenye kiti nikaona kheri mkono ukatike kuliko kutolewa na wewe kwa siri." Alivuta pumzi. "Na umekatika kweli. Haya, umenipumzisha."

Hakusema kwa kejeli, na hilo ndilo lililommaliza Fundi. Alilia kama ambavyo hakuwahi kulia tangu utotoni, uso umekunjamana, kamasi bila aibu. Kitinda alimwacha alie. Hakumbembeleza wala hakugeuza uso. Huko nje sauti ya Baba hatimaye ilisikika, chini chini, ikisema, "Mama Kitinda, kaa kwanza."

"Nivue viatu," Kitinda alisema baadaye. "Kwa mkono mmoja siwezi."

Fundi alipiga magoti sakafuni. Alikishika kile kilichokuwa karibu, cha kulia, vidole vikaanza kuitafuta kamba, kisha vikasita. Akakiachia. Akainua uso.

"Nianze na kipi?"

Kitinda alimtazama, macho mekundu, makavu.

"Hujui inavyouma," alisema, "kuanza kuulizwa leo."

Akanyoosha mguu wa kushoto.