Roboti Lililofika Mbele

Usiku wa kuamkia leo niliota roboti lenye urefu wa ghorofa thelathini limekaa chumbani kwangu, juu ya ndoo ya rangi ninayokalia nikitafsiri filamu. Ndoo haikupasuka. Sikuona ajabu.

Kazi yangu ni kutia sauti ya Kiswahili kwenye filamu za nje. Wateja wa kibanda cha video cha Bi Sikudhani wananipenda kwa sababu sijawahi kuacha watu wapigane bila kisa kujulikana. Filamu ya roboti na lidude la baharini ndiyo iliyonikwamisha. Picha ni nzuri mno, hata matone ya mvua kwenye bati unayahesabu. Hadithi hakuna. Ilipofika mahali pa kueleza wanagombania nini, nilijirekodi nikisema, "Tutaelewa mbele," nikaenda kulala. Aibu niliiona, lakini nililala.

"Kaka," likasema roboti, "ulisema tutaelewa mbele. Nimefika mbele. Hakuna kitu."

"Umetazama vizuri?"

"Kuna viti vya plastiki, na majina ya waigizaji yanapanda juu."

Ikabidi twende. Nafungua mlango, tuko mbele. Bi Sikudhani anafagia chini ya majina. Lidude limekaa kiti cha nyuma, linachuruzika maji, mkia limeukunja lisimkere.

"Nyanyua miguu," Bi Sikudhani analiambia. Linanyanyua.

"Nauawa saa ngapi?" linaniuliza.

"Bado dakika kumi."

"Kwa kosa gani?"

Natazama karatasi yangu. Nyeupe.

Bi Sikudhani anasimamisha ufagio. "Fundi, wajibu wenzio. Wateja nao wataniuliza hivyohivyo Ijumaa tukiionyesha. Ukikosa jibu, kibanda nafunga."

"Ninyi ni watani," nasema. Ndilo lililonijia. "Tangu enzi za mababu. Kwetu watani wanatukanana, wananyang'anyana hadi sahani ya wali, na hakuna anayeuliza kisa."

Roboti linafikiri, shingo inalia kama geti bovu. Kisha linamzaba mwenzake kofi la utani. Jengo moja linaanguka. Lidude linacheka, linaling'oa roboti mkono na kuukalia. Nafurahi, sisemi uongo.

"Nikifa," linauliza lidude, "mtani ndiye anayenizika?"

"Ndiye. Tena anachekesha wafiwa."

"Basi sawa." Linaligeukia roboti. "Na wewe atakuzika nani?"

Roboti linatazama majina yanavyopanda.

"Mimi ndiye stelingi, shujaa wa filamu," linasema. "Stelingi hafi."

Bi Sikudhani aliendelea kufagia. Dakika kumi zikaisha. Lidude likalala chali bila kusukumwa na mtu. Roboti likachimba kaburi kwa mkono mmoja, likazika, kisha likajaribu kuchekesha wafiwa. Wafiwa hawakuwepo. Nililihurumia sana, nikaamka.

Asubuhi niliwasha kompyuta ili nifute uongo wangu na kurekodi habari za utani. Pale niliposema "Tutaelewa mbele", sauti yangu haikuwepo. Ilikuwepo nyingine, nzito, yenye maji kooni.

"Pole, mtani wangu," ililiambia roboti.