Usisalimie Mtu Njiani

Kama kuna mtu ambaye Mungu hakumwumba anyamaze, ni mimi Loyi. Ninauza vitenge sokoni Bwera, na pale asiyejua kusema analala njaa. Kwa hiyo asubuhi ile, Mchungaji Maate alipotuwekea mikono juu ya mlima na kutufunga midomo kwa maombi, nilijua kazi ninayo.

Tulikuwa watatu, kila mmoja na pikipiki yake. Mbele alikuwa Kosmasi, mume wa mdogo wangu Sylivia, bodaboda wa pale karibu na mpaka wa Kongo na kiongozi wa kwaya yetu. Mimi nilimfuata kwa pikipiki ninayobebea mizigo yangu ya soko. Nyuma kabisa alikuja Bright, rafiki wa Kosmasi tangu utotoni, mtu mwenye moyo mweupe na sauti mbaya ya kuimba. Kosmasi alikuwa amejifunga kitenge kifuani kama mama aliyebeba mtoto, na ndani ya kitenge kulikuwa na kidumu cha maji.

Maji hayo ndiyo tuliyoyafuata. Yanatoka kwenye chemchemi iliyo juu ya Ibanda, mahali ambapo kanisa letu lina kambi ya maombi. Tulipanda siku iliyotangulia huku tukiimba, pikipiki zikinguruma kwenye kona za mlima, Bright akiharibu kila wimbo, na kule juu tukamwombea Sylivia na mimba yake hadi magoti yakafa ganzi. Nilifurahi. Ilikuwa safari nzuri kabla midomo haijafungwa.

Sheria yake ni hii. Maji yakishaombewa, wanaoyapeleka hawasemi neno lolote mpaka yamguse mgonjwa. Hawasalimii, hawaitikii, hawapokei simu. Mmoja akifungua kinywa, ameharibu kwa wote. Sisi Wakonzo tulikuwa na jambo hili kabla ya kanisa kuja. Mtu aliyetumwa kuchimba dawa msituni hakusalimia mtu njiani, na ukikutana naye unampisha bila kumsemesha. Kanisa letu liliichukua desturi hiyo likaibatiza.

Sylivia alikuwa amepoteza mimba moja baada ya nyingine. Ile ya mwisho ilifika miezi yake, na Kosmasi akaenda kuchukua maji hayahaya. Akirudi, pale Kasese, mzee mmoja alimwamkia, naye kwa mazoea ya kulelewa vizuri akaitikia, "Wabukire." Mtoto alitoka hana pumzi. Hakuna aliyemlaumu, lakini yeye aliamini kwamba alimwua mwanawe kwa mdomo wake. Nilimwambia mara nyingi kwamba Mungu si askari wa barabarani wa kuvizia salamu za watu. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akaendelea kuamini alivyoamini.

Na Sylivia aliamini pamoja naye. Siku tunaondoka alinishika mkono. "Yaya, ninakujua," alisema, kwa jina analoniita mimi dada yake mkubwa. "Hiyo kinywa yako, ufunge kwa ajili yangu." Nikaapa. Sikuapa kwa sababu ya maji. Niliapa kwa sababu ni mdogo wangu, nami ndiye niliyemlea.

Mvua ilikuwa imenyesha mlimani, na barabara ya kushuka ilikuwa tope tupu. Kosmasi alishuka polepole, kiwiko kimoja kikikinga kidumu. Kwenye kijito kimoja gurudumu la Bright liliteleza, pikipiki ikamlalia mguu, na bomba la moshi likamchoma. Nilimwona akifumbua kinywa. Kisha akakibana kitambaa cha shingoni kwa meno na machozi yakamtoka. Tuliiinua pikipiki sisi wawili bila kutoa hata mguno. Ngozi ya mguu wake ilikuwa imebanduka, lakini alitikisa kichwa, akapiga kiki, tukaendelea. Ninamcheka Bright kila siku, lakini siku ile nilimheshimu.

Kasese tuliingia kituo cha mafuta. Tulimwonyesha mwuzaji kwa vidole kiasi tunachotaka, naye akatutazama kama wendawazimu. Hapo ndipo simu ya Kosmasi ilipoita. Yangu ilikuwa imeisha chaji tangu mlimani, na Bright aliiacha yake nyumbani. Kosmasi aliitoa, akaiangalia, na uso ukambadilika rangi. Ikakatika, ikaita tena. Niliinua mikono kumwuliza ni nani. Akatikisa kichwa, akairudisha mfukoni.

Mtu hahitaji kuambiwa kila kitu. Sylivia alikuwa bado na wiki kadhaa mbele yake, ndivyo walivyomwambia, lakini tumbo la mtu si kalenda. Kutoka Kasese hadi Kikorongo, katikati ya nyasi za mbuga, nilimfuata Kosmasi, na kila alipopunguza mwendo kwenye mashimo nilisikia simu ikiita chini ya mngurumo. Nilitaka kumpita, nimzuie, nimnyang'anye. Kiapo kilinizuia. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema watu wa kale.

Tulipopinda kuelekea Bwera, tukakuta kizuizi cha askari. Tangu waasi walipoanza kuvuka mpaka na kuua watu, askari wa barabara ile hawana mzaha, na sisi wenyewe hatutaki wawe nao. Walikuwa wawili, mwanamume mnene mwenye cheo begani na mwanamke kijana mwenye bunduki.

"Simama! Zima mashine!" alisema yule mwanamume. Jina lake lilishonwa kifuani, Semakula. "Shuka. Nyinyi natoka wapi?"

Tulishuka. Hakuna aliyejibu.

"Nauliza, natoka wapi?"

Kosmasi alinyoosha kidole mlimani, kisha akaunganisha viganja kama mtu anayeomba. Bright alijigusa midomo, akapunga mkono kukataa. Mimi nilitabasamu, na nadhani hilo ndilo lililoharibu zaidi. Watu watatu waliojaa tope, mmoja ana damu mguuni, wametoka upande wa msitu, na wote mabubu. Hata mimi ningetushuku.

"Bubu tatu, pikipiki tatu," alisema Semakula. "Aryemo, angalia hiyo kitu iko kifua."

Yule askari wa kike alimwelekezea Kosmasi bunduki na kumwonyesha afungue kitenge. Kosmasi alirudi nyuma hatua moja huku amekumbatia kidumu. Nikasikia chuma kikilia, kile kilio cha bunduki inayotiwa risasi.

"Chini! Lala chini wote!"

Tukalala juu ya lami. Kosmasi alilala ubavu ili asikikandamize kidumu. Jasho lilimtiririka, lakini midomo yake ilikuwa imebanwa mpaka imekuwa myeupe. Nikajua kwamba mtu huyu angekubali kupigwa risasi kabla ya kusema neno moja. Sijui kama hiyo ni imani au ni kiburi. Wakati ule niliichukia.

Na simu ikaita.

Semakula aliruka nyuma, kisha akainama, akaichomoa mfukoni mwa Kosmasi kwa vidole viwili. Aliitazama kidogo. Akaipokea, akaweka sauti ya juu, na kwa macho akatuamuru tusitikisike. Nadhani alitaka kusikia wenzetu wa msituni wakijitaja.

"Allo? Bwana ya Sylivia?" Ilikuwa sauti ya mwanamke mwenye haraka. "Iko Ednah, muuguzi. Ninakupigia tangu asubuhi. Bibi yako tuko naye hapa hospitali, mutoto amekaa vibaya. Daktari anasema lazima kupasua sasa hivi. Yeye anakataa. Anasema munamuletea maji, angojee. Sema naye, tafazali. Ninamupatia simu."

Ilisikika mikwaruzo, kisha pumzi. Nilizijua pumzi zile kabla hajasema.

"Kosmasi?"

Hakuna aliyejibu. Semakula alimtazama Kosmasi. Bunduki ya Aryemo ilishuka kidogo.

"Kosmasi, uko hapo?" Akanyamaza, maumivu yakampita, tukayasikia yakimpita. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Husemi. Basi iko muzuri. Muko njiani na maji. Nitangoja."

Ndipo nikaelewa. Kila sekunde ya kimya chetu ilikuwa jibu. Tulikuwa tukimwambia angoje. Tulikuwa tumelala kifudifudi barabarani, na tulikuwa tukimwambia angoje, nasi Bwera hatukujua tutafika lini.

"Jibu bibi yako," alisema Semakula kwa sauti ya chini. Ukali wote ulikuwa umemtoka. "Wewe mwanaume, jibu."

Kosmasi alifumba macho. Midomo yake ilitetemeka, nikaona neno limefika mlangoni. Nikalingoja. Mungu ananijua, nililingoja kwa roho yangu yote, kwa maana kama lingetoka kwake lisingehitaji kutoka kwangu. Halikutoka.

"Sylivia," nilisema. "Ni mimi."

Bright alifunika uso. Kosmasi alinigeukia kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena.

"Yaya?" Sauti ilikuwa ndogo. "Yaya, umesema."

"Nimesema. Kiapo kimevunjika, mimi ndiye nimekivunja, si Kosmasi. Hakuna maji ya kungoja tena, unasikia? Iko maji ya kunywa tu sasa. Waambie wakupasue."

"Yaya, umeniulia mutoto."

"Basi utanichukia ukipona. Kubali, mama. Kubali sasa."

Nilisikia akilia. Nikasikia muuguzi akisema, "Amekubali, amekubali, mupeleke," na simu ikakatika.

Semakula alitusimamisha mmoja mmoja. Alikifungua kidumu mwenyewe, akanusa, akakifunga taratibu na kumrudishia Kosmasi kwa mikono miwili. "Pole," alisema. "Siku ingine mubebe barua ya kanisa." Aryemo aliondoa gogo barabarani. Nilipompita alinishika bega kidogo.

Kutoka hapo hadi Bwera sikumbuki barabara. Kosmasi aliendesha kama anayekimbia moto, na hakugeuka nyuma hata mara moja. Nilijiambia, Loyi, mtoto akifa, umekwisha kwa watu hawa. Hutaitwa yaya, wala mama mkubwa, utaitwa yule mwenye mdomo. Mdomo huponza kichwa, nami wangu safari hii ulikuwa umeponza vichwa vya watu wengine. Nililia ndani ya kofia ya pikipiki, na upepo haukunisaidia kukausha kitu. Niliomba pia. Sikuomba kwa maneno ya Mchungaji, niliomba kama ninavyobishana na mteja, nikamwambia Mungu asijaribu kunionyesha kwamba mimi ndiye niliyekosea.

Hospitalini muuguzi Ednah alitupokea mlangoni, mwembamba, miwani imempanda kichwani. Alitutazama tope letu, akamtazama Kosmasi. "Iko mutoto mwanamuke," alisema. "Kamba ya kitovu ilimuzunguka shingo. Tungekawia kidogo, tungepoteza wote wawili." Bright aliketi chini palepale sakafuni na mguu wake mbovu, akaanza kuimba kwa sauti yake ileile mbaya, na kwa mara ya kwanza sikutaka anyamaze.

Walituruhusu kumwona Sylivia alipozinduka. Uso wake ulikuwa umevimba, na mtoto alilala kifuani pake, mwekundu na mwenye hasira. Nilibaki mlangoni, kwa sababu sikujua kama ninatakiwa. Aliniona, akaninyooshea mkono, nikaenda kuushika. Hakuzungumza juu ya lile alilonitamkia kwenye simu, nami sikumkumbusha.

Kosmasi alisimama upande wa pili wa kitanda, kidumu bado kifuani. Alifungua kitenge. Akamimina maji kidogo kiganjani ili ampake mtoto kwenye paji la uso.

"Yalikwisha kuharibika," alisema. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu mlimani. "Lakini nimeyaleta."

Sylivia alimtazama bila ukali.

"Yaya aliposema, nililia," alisema. "Unajua nililia kwa nini? Haikuwa juu ya maji. Nilikuwa nimekaza sikio kwa simu, nasema, huyu mwanaume atasema. Akisikia maumivu yangu atasema, hata kama ni jina yangu tu. Nilikuwa ninangoja sauti yako, Kosmasi."

Maji yalikuwa yakimvuja kati ya vidole na kudondokea shuka.

"Niliogopa," alisema Kosmasi.

"Hata mimi niliogopa," alisema Sylivia. "Na mimi nilikuwa peke yangu."