Mlango Uliobeba Nyumba

Fundi kompyuta alikuwa amechagua maktaba nne katika miezi mitano, na zote nne akazitupa. Alikuwa anajifunza kuunda injini ya gemu, programu inayoendesha michezo ya kompyuta, akahitaji maktaba, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wenzake, wa kupanga vitu kwenye mandhari: kila kitu kina mzazi wake, ukisogeza meza iliyo mzazi, kikombe kilicho juu yake kinafuata chenyewe. Moja aliiona nyepesi mno. Nyingine maelezo yake yalikuwa marefu kuliko kesi ya shamba. Ya tatu wenyewe walishaitelekeza. Ya nne aliipenda sana, mpaka aliposoma mahali kwamba kuna bora kuliko hiyo. Mtu wa namna hii hata chumvi ataichagua punje punje.

Angekuwa na muda, sawa. Lakini dada yake alikuwa anapoteza macho, na daktari hakumung'unya maneno: mwaka hautaisha akiwa bado anaona. Fundi alikuwa amemwahidi kumwonyesha kwenye skrini nyumba waliyokulia, ile iliyobomolewa kupisha barabara, aingie tena ndani yake angali anaona.

Dada, mshona nguo aliyemlea tangu mama yao afariki, hakumharakisha. Siku moja tu, akihangaika kutunga uzi kwenye sindano, alimwambia, "Mchagua jembe si mkulima, mdogo wangu."

Yalimchoma. Akairudia ile maktaba ya kwanza, nyepesi vilevile, akajenga siku tisa mfululizo: kuta, dirisha, kochi lenye tofali badala ya mguu, mlango mwekundu. Jumamosi asubuhi akamketisha dada mbele ya skrini, akabonyeza mlango ufunguke.

Nyumba nzima ikazunguka. Kwa haraka zake alikuwa ameufanya mlango kuwa mzazi wa nyumba, badala ya nyumba kuwa mzazi wa mlango. Ulipofunguka, kuta na kochi na kila kitu vikaufuata, ikabaki anga tupu. Fundi akacheka kwa aibu, akangoja kutaniwa, maana dada hakuwahi kumpitishia kosa hata la kifungo cha shati.

Dada alikuwa akitabasamu, uso ameuelekeza kwenye skrini.

"Mlango umefunguka vizuri," alisema. "Na kochi letu umeliweka palepale. Ahsante, baba."

Kicheko kilimkauka. Hakujua macho yale yalizimika lini, katika mwezi wa maktaba ipi, na hakuthubutu kuuliza.

"Ndiyo, dada," alisema. "Liko palepale."