Ngozi ya Gredi ya Tatu

Foleni ya zahanati ya kiwanda cha ngozi, ng'ambo ya reli pale Thika, ilianza saa moja kasorobo asubuhi, na Nzau aliitazama kwanza kupitia dirishani kabla ya kufungua mlango. Alikuwa dresa, msaidizi wa daktari, kwa miaka tisa. Katika miaka hiyo alikuwa amejifunza kwamba mtu hutangaza ugonjwa wake kwa jinsi anavyosimama. Mwenye mashilingi, yale mabaka ya mviringo kichwani, huvaa kofia hata kivulini, mwenye upele hujikuna akijifanya anatafuta kitu mfukoni, na aliyechomwa na chokaa hunyoosha mikono mbele kana kwamba amekabidhiwa mtoto wa watu. Siku hiyo, Jumanne moja ya mwaka wa 1955, mtu wa mwisho kwenye foleni alikuwa ameegemea nguzo na kuusugua mgongo wake polepole, juu na chini, macho yake nusu yamefumba.

Alikuwa Wamalwa, mtu wa Bungoma, mfanyakazi wa mashimo ya chokaa, mahali ngozi mbichi zinapolowekwa mpaka manyoya yake yaachie. Zamu yake ilipofika alivua shati bila kuambiwa.

"Dresa, hii kitu inaniwasha mpaka nataka kulia," alisema. "Na mimi si mtu ya kulia."

Kuanzia mabegani hadi kiunoni mgongo wake ulikuwa umeota manyoya mafupi mekundu, yote yamelalia upande mmoja, safi kabisa. Nzau akavuta kiti. Mwaka uliotangulia Ajwang, wa idara ya kukwangua, alikuwa ameota manyoya ya mbuzi kwenye kiwiko. Alipakwa mafuta ya salfa kwa majuma mawili yakapukutika. Nzau aliandika kitabuni "manyoya, kiwiko, amepona", na Daktari, Mzungu aliyekuja kila Alhamisi, akatia sahihi bila kuuliza ni manyoya ya nini. Ugonjwa ulikuwa nadra, lakini haukuwa mgeni.

Hata hivyo Nzau hakuwa mtu wa kukisia. Alimgusa kwa pamba, kisha kwa ncha ya pini, maana baka lisilosikia pini huenda likawa ukoma. Wamalwa alisikia vyote viwili na akalalamika kwa pini. Nzau akatafuta kidonda cheusi kisichouma, kile cha kimeta, ambacho kilikuwa kimeshamzika mtu mmoja pale kiwandani. Hakikuwapo. Kisha nzi akatua katikati ya mgongo, na ngozi ya mahali pale ikatetemeka yenyewe, ikamfukuza, huku Wamalwa ametulia tuli.

"Ndiyo tabia yake," Wamalwa alieleza. "Hata kanisani inafanya hivyo."

Nzau akachukua kioo cha kukuzia. Karibu na nyonga ya kulia, chini ya manyoya, palikuwa na kovu la zamani la moto, mistari miwili na mkunjo mmoja. Hapo dresa akaweka kioo mezani. Kwao Ukambani kila ukoo una chapa yake, huichoma kwenye ng'ombe na kwenye mizinga ya nyuki, ili mali ijulikane bila watu kupandishiana sauti. Chapa hii aliijua. Ilikuwa ya nyumba ya Ndila, mjane wa Ngoliba, aliyekuwa akisali kanisa moja na mama yake.

Habari ya Ndila ilijulikana na kila mtu wa upande ule. Mwezi wa Machi askari walikuja Ngoliba wakaswaga ng'ombe wa nyumba sita, wakidai watu wale wanawalisha wapiganaji wa msituni. Nyumba tano zilipewa karatasi za kuthibitisha kwamba ng'ombe wamechukuliwa. Walipofika kwa Ndila karatasi zilikuwa zimeisha, kwa hiyo walimchukua ng'ombe wake mmoja, mwekundu, aitwaye Ndune, wakamwachia maneno. Baada ya mwezi mmoja ofisa wa kambi ya mchujo, walikohojiwa washukiwa, kule Ruiru alipiga hesabu yake. Ndune hakuwa zizini, na hakuwa kwenye orodha ya waliochukuliwa. Akaagiza akamatwe Makau, mwana wa pekee wa Ndila, aliyekuwa akifanya kazi kwenye shamba la kahawa hapo hapo Ruiru, akamuuliza ng'ombe yuko wapi. Makau akasema askari wamemchukua. Ofisa akasema orodha haisemi hivyo, basi bila shaka Makau amempeleka msituni akaliwe. Tangu Aprili kijana alikuwa ndani ya seng'enge, na kitu kimoja tu kingemtoa, ushahidi kwamba ng'ombe yule alichukuliwa na serikali.

Ushahidi huo sasa ulikuwa umekaa kwenye stuli ya zahanati, ukijikuna.

Nzau alikuwa tayari ameshika kopo la salfa. Aliona aibu kumwomba mgonjwa asitibiwe, akaliweka chini, kisha akamweleza Wamalwa mambo yote bila kumficha neno.

"Nikipaka hiyo, inatoka?" Wamalwa akauliza.

"Wiki mbili."

"Na nisipopaka?"

"Itawasha. Pengine zaidi ya sasa."

Wamalwa akafikiri. "Huyo mama ana watoto wangapi?"

"Huyo mmoja."

"Basi wacha nikae nayo kidogo. Lakini wewe utakuwa unanikuna pale mkono yangu haifiki."

Na Nzau alimkuna kila asubuhi, kwa kitana, siku nane nzima. Sijasikia kokote kwamba hilo ni tiba, lakini lilimsaidia mgonjwa.

Ndila alikuja siku ya tisa, baada ya kupelekewa ujumbe na Nzau, mama mwembamba mwenye kikapu cha chakula alichokuwa akimpelekea mwanawe. Nzau alimsalimia kwa heshima, akampa kiti, na kabla ya kumwonyesha chochote akamwomba ataje alama za ng'ombe wake. Alitaka kuwa na hakika.

"Chapa yetu unaijua," Ndila alisema. "Upande wa kushoto, hapa kwenye mbavu, alishikwa na fisi akiwa ndama. Nilipashona mwenyewe na uzi wa katani. Nilishona vibaya, nilikuwa nalia."

Nzau akafungua pazia. Wamalwa alikuwa ameketi ameupa mlango mgongo, na kwenye mbavu za kushoto palikuwa na kovu lililopinda, na kandokando yake vitundu vya sindano, kumi na kimoja. Ndila alisogea, akaweka kiganja juu ya bega pale nundu huanzia, akakuna kwa kucha, na Wamalwa, ambaye hakuwa amelala vizuri tangu wiki iliyopita, akashusha pumzi ndefu.

"Ni yeye," Ndila alisema. "Samahani sana, mwanangu. Anakusumbua."

"Hakuna neno, mama," Wamalwa akajibu. "Ana adabu."

Siku hiyo hiyo Nzau aliketi akaandika ripoti. Aliandika kwa Kiswahili kilichonyooka, kama alivyofundishwa misheni: manyoya, chapa, kovu, vitundu kumi na kimoja, jina la mwenye mali. Juu kabisa, mahali pa kutaja aina ya ugonjwa, aliandika kwa herufi kubwa NGOZI. Hilo lilikuwa neno la kawaida pale zahanati. Kitabu kizima kilikuwa na safu ya NGOZI, safu ya MACHO na safu ya TUMBO. Lakini tarishi wa kiwanda, akiona NGOZI kwenye kiwanda cha ngozi, hakuwa na haja ya kusoma zaidi. Hakuipeleka kwa Daktari. Aliitia kwenye kisanduku cha stoo.

Keshoye akaja Dalmas, karani wa stoo, na ile ripoti, futi ya kupimia, mhuri na kidau cha wino wa zambarau.

"Nimeambiwa kuna ngozi huku haijapokelewa," alisema.

Nzau alitaka kumwambia kuna makosa. Kisha akamwonyesha stuli. Dalmas alimsalimia Wamalwa, maana walikuwa wakikaa laini moja ya nyumba za wafanyakazi, akampima mapana na marefu, akapitisha kidole juu ya kovu la fisi, akatikisa kichwa.

"Ingekuwa gredi ya kwanza," alisema kwa masikitiko. "Kovu ndiyo imeharibu. Hii ni ya tatu."

Akapiga mhuri kiunoni mwa Wamalwa, namba 4417, akarudi na kitabu cha mapokezi, akalinganisha rangi, chapa na mwezi. Halafu akatoa kadi iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri: ngozi moja, nyekundu, gredi ya tatu, kutoka kwa ng'ombe wa serikali waliotolewa Ngoliba, Machi. Nzau aliisoma mara tatu. Makosa ya tarishi yalikuwa yamempa kile ambacho Daktari asingempa kamwe. Alifurahi mpaka akamkaribisha Dalmas chai.

Shida ilikuwa lango. Nyapara alikataa kumpa Wamalwa ruhusa ya siku moja, alisema mashimo yana kazi. Lakini ngozi zilitoka kila siku kwenda kuonyeshwa wanunuzi, na hazikuhitaji ruhusa ya nyapara. Dalmas akaandika hati: ngozi moja, namba 4417, inatoka, itarudi. Bawabu akainua shati la Wamalwa, akasoma namba, akafungua lango. Wakapanda treni hadi Ruiru, Nzau, Ndila na Wamalwa, daraja la tatu, na Wamalwa alisimama njia nzima maana kiti kilimchoma.

Ofisa wa kambi alikuwa Mzungu kijana aliyechomwa na jua puani. Nzau, kwa mazoea ya kazi, aliitazama pua ile akaona ingefaa ipakwe kitu. Ofisa alisoma ripoti. Alisoma kadi. Alizunguka nyuma ya Wamalwa akatazama chapa, akatazama kovu, akahesabu vitundu. Hakufanya haraka, na hakuwa na dharau. Hilo Nzau alilikumbuka kwa miaka mingi, jinsi mtu yule alivyokuwa makini.

"Hii ngombe yako, mama?" akauliza.

"Wangu, bwana."

"Mimi naona. Kweli kabisa." Akaketi, akafungua jalada la Makau, akachovya kalamu. "Makau nasema askari nakwisha chukua ngombe. Sasa ngombe iko hapa. Basi askari hapana chukua. Makau nasema uwongo."

Nzau akaigusa kadi kwa kidole. "Bwana, ng'ombe alichinjwa. Kadi inasema hivyo. Hii ni ngozi peke yake."

"Nakufa?" Ofisa akainuka tena. Nzi wa kambi walikuwa wengi, na mmoja alikuwa ametua chini ya bega. Ngozi ikatetemeka, ikamfukuza. "Hapana kufa," akasema ofisa, akaketi. Akaandika mstari mmoja kwenye jalada, akaupiga mhuri, akamsukumia Ndila kidau ili aweke dole gumba kwamba amepokea mali yake.

"Nikiweka, mwanangu atatoka?" Ndila akauliza.

"Makau nakaa mpaka nasema kweli."

"Nisipoweka?"

Ofisa akafikiri, kwa uaminifu. "Nakaa vilevile."

Ndila akatazama dole lake. Kisha akamtazama Wamalwa, ambaye alikuwa ameshaanza kujisugua kwenye fremu ya mlango akiomba radhi kwa macho. Aliuliza kama, ng'ombe akiwa ni wake, ana ruhusa ya kumtibu. Ofisa akasema mwenye mali hufanya atakavyo na mali yake. Basi Ndila akachovya dole, akaliweka kwenye karatasi, akalifuta kwenye kanga.

Waliporudi Thika jua lilikuwa bado juu. Bawabu alihakiki namba, akafuta hati. Katika zahanati Nzau alifungua kopo la salfa, lakini Ndila akalichukua mkononi mwake. Akampaka Wamalwa mwenyewe, kuanzia mabegani kushuka, akifuata manyoya yanakolalia, na alipofika kwenye mbavu za kushoto alipunguza mkono.

"Mama, ingekuwa afadhali tungeacha," Wamalwa alisema. "Pengine kuna ofisa mwingine. Mimi naweza kuvumilia."

"Wewe una mama yako huko kwenu," Ndila akajibu, akaendelea kupaka. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa na dawa.

Katika siku kumi na tatu manyoya yakapukutika. Nzau akaandika "amepona", na Alhamisi Daktari akatia sahihi. Chapa haikufutika, wala vitundu. Mkataba ulipoisha Wamalwa alirudi Bungoma, na watu wa kwao walipomwona akioga mtoni walisema Thika kuna kazi ngumu.

Makau alikaa kambini miaka mitatu zaidi. Hakubadilisha maneno yake. Kila alipoulizwa alisema askari wamechukua ng'ombe, na kila aliposema hivyo karani alimfungulia jalada na kumwonyesha mhuri. Walimwachilia mwaka wa 1958, walipokuwa wakipunguza watu. Langoni kulikuwa na karani mpya, mwenye fomu yenye nafasi tupu ya kosa, naye hakuwa na muda wa kutafuta jalada. Akamuuliza Makau mwenyewe alifungwa kwa sababu gani.

"Ng'ombe wetu alirudi," Makau akasema.

Karani akaandika hivyo, akamkabidhi karatasi, akamwita mtu anayefuata.