Mtaa Unaoingia Maji

Watu wanadhani dalali anauza nyumba. Nyumba ni matofali, na matofali yapo kila mahali. Mimi nauza mtaa. Najua upande upi bomba linatoa maji asubuhi na upande upi linakoroma tu. Najua nyumba ipi ina hati na ipi ina kesi, na jirani yupi anafungua redio hadi vikombe vinatetemeka. Najua pia kwamba bei haitoki kichwani mwa mwenye nyumba, ambaye siku zote anataka alipwe hata jasho lake, na arusi zilizofanyika uani, na watoto aliowazaa humo. Bei inatoka kwenye nyumba ya mwisho iliyouzwa mtaa huohuo. Kila mnunuzi anauliza, "Ya jirani iliondoka kwa ngapi?" na hapo mazungumzo yanakwisha.

Haya yote nilikuwa nayajua mwaka jana, wakati jirani wa dada yangu, mwalimu mstaafu, aliponipa nyumba yake niuze. Walitenganishwa na ukuta mmoja tu. Mwalimu alikuwa na nyumba nzuri na haraka mbaya: mkewe alikuwa amefariki, na alitaka kununua kibanda chenye bustani karibu na mwanawe kabla nguvu hazijamwisha. Upande wa pili alikuwepo mkandarasi mmoja, ambaye alishaniambia pembeni, "Nishushie bei, utakachokishusha tutagawana." Nikamlainisha mzee wa watu.

Kulainisha ni hivi. Unamletea muuzaji wateja watatu ndani ya wiki moja, wote watu wako, hakuna hata mmoja mwenye nia ya kununua kitasa. Wa kwanza anaingia akicheka na kutoka amenuna. Wa pili anainama, anagonga ukuta chini karibu na sakafu, anaguna. Wa tatu ni kinyozi mmoja rafiki yangu, mwenye tumbo la heshima na sauti nzito, ninayemvisha suti ya kuazima. Yeye ndiye anayepigilia msumari. "Mzee, tusidanganyane," alimwambia Mwalimu. "Nimeuliza nikaambiwa. Mvua zikikolea, mtaa huu maji yanafika magotini." Akija wa nne, mnunuzi wa kweli, akitaja bei ya kutukana, muuzaji anamshika mkono kwa shukrani. Mwalimu alimshika mkandarasi mikono yote miwili.

Mtaa ule haujawahi kuingia maji. Hata siku moja. Nilikuwa na miaka tisa wazazi wetu walipofariki, na dada, akiwa bibi arusi wa miezi minne, akanichukua nikalelewe kwake, katika nyumba ileile anayokaa hadi leo. Nimelala chumba cha nyuma mvua ngapi sijui, na maji yalikuwa yanapita zake mtaroni. Mimi niliyeujua ukweli kuliko wote ndiye niliyeutungia mtaa wangu uongo, na uongo ukapata miguu.

Miezi minane baadaye dada akaniita. Shemeji alishafariki, macho ya dada yalikuwa yanafifia, na daktari alimkataza kuishi peke yake. Alikuwa amepata nyumba ya vyumba viwili, milango mitano kutoka kwa binti yake.

"Uza hii, nikanunue ile," aliniambia. "Nitakuwa karibu na mwanangu lakini kwangu. Sitaki kwenda kulala sebuleni kwa mkwe, niwe nakohoa kwa adabu. Umenisikia, mdogo wangu?"

"Nimekusikia, dada. Hiyo ndiyo kazi yangu."

Nilijigamba, Mungu anisamehe. Nikataja bei ambayo nyumba ile ilistahili, bei ambayo ingemnunulia ile ya vyumba viwili na ikabaki ya pazia. Wateja wakaja. Wa kweli sasa, sikuwapanga. Na kila mmoja, kabla hajaangalia jiko, aliinama akagonga ukuta chini.

"Tumesikia huku maji yanaingia."

"Uzushi huo," nilisema.

"Sasa mbona ya jirani iliondoka bei ya kutupa?"

Ungemjibuje mtu huyo? Nikafanya ambalo kila dalali anamwambia muuzaji afanye: nikaleta mafundi, nikapaka rangi nyumba nzima, ndani na nje. Ilipendeza kweli. Lakini mtaa ukishasemwa kwamba unaingia maji, rangi mpya ni sawa na kukiri. Mteja aliyefuata alikwaruza ukuta kwa ukucha, akaniangalia usoni, akasema, "Mmeficha alama." Nilitamani kumzaba kibao, kwa kuwa nilikuwa nimesema kweli, na kwa kuwa ningekuwa mimi ningesema hivyohivyo.

Mwishowe walibaki mume na mke, yeye mume fundi umeme, mke muuguzi. Waliipenda nyumba, nilimwona mke akipima kwa macho pa kuweka kitanda cha mtoto. Ila bei yao ilikuwa ile ya Mwalimu. Hawaongezi. Kwa bei ile dada asingepata vyumba viwili, wala kimoja.

Basi nikaamua kuwatia wivu. Mteja akiona mwingine anataka, anaongeza. Nilimhitaji mtu wa kusimama sebuleni na kutaja bei kubwa mbele yao, na mtu niliyemwamini kwa kazi hiyo alikuwa mmoja tu, yule kinyozi. Nilikumbuka kwamba siku ile kwa Mwalimu dada alikuwepo, alikuwa amewapelekea viti. Nikajiambia macho yake hayaoni vizuri, hatamjua. Masikio yake sikuyafikiria.

Kinyozi akaingia na suti yake, muuguzi na mumewe wakiwa wamekaa. "Mama, nyumba hii nimeipenda," alisema. "Wanaosema maji, waongo. Mimi natoa bei kamili, leoleo."

Dada alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka chini.

"Hebu sema tena, baba."

"Natoa bei kamili, mama."

"Wewe ndiye uliyemwambia Mwalimu maji yanafika magotini."

Kinyozi akarudi nyuma hatua moja. Kwenye kiti chake cha saluni huwa hana breki, lakini pale alishikashika kola ya suti tu. Akanitazama, kisha akatazama mlango. "Mama, mimi niliitwa tu," alisema. "Muulize mdogo wako." Akatoka akiacha harufu ya marashi.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Hata hivyo, na hili nalisema ili mjue mimi ni mtu wa aina gani, moyoni nilifurahi kidogo. Nilidhani sasa wanunuzi wamesikia wenyewe kwamba maji ni uongo, wataongeza. Mume akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Bei yetu ni ileile," alisema. "Kwanza sasa hatujui hata lipi la kuamini. Mkikubali, mtupigie."

Walipoondoka, nikaanza kujieleza. Dada alinyoosha kiganja nikanyamaza, kama nilivyokuwa nikinyamaza utotoni.

"Mwalimu anakaa wapi siku hizi, unajua?"

"Si kwa mwanawe?"

"Stoo ya mwanawe. Kibanda kilimshinda, pesa haikufika. Ananipigia simu kila Ijumaa, kuniuliza kama maji yameshaingia kwangu. Ananionea huruma mimi." Akakisogeza kikombe pembeni. "Wapigie wale watu. Waambie nimekubali."

"Dada, tusubiri, naweza kutafuta—"

"Nimesema wapigie."

Tuliandikishana kwa mwanasheria wiki iliyofuata. Binti wa dada alikuwa amebaki nyumbani kwake, anaondoa makochi sebuleni apate pa kumwekea mama yake kitanda. Muuguzi na mumewe walitia saini, dada akatia saini, mwanasheria akimwongoza kidole hadi kwenye mstari. Mimi niliweka yangu pale panapoandikwa dalali. Kisha mwanasheria akageuza ukurasa.

"Hapa tunahitaji shahidi wa muuzaji. Ndugu wa damu ndiyo bora. Una ndugu hapa, mama?"

Nilikuwa nimekaa karibu yake, goti langu likigusa kiti chake. Nilikuwa nimeshaitoa kalamu mfukoni.

"Hapana," dada alisema. "Niitie mlinzi wa getini, kama hataona taabu."

Mlinzi akaja. Akavua kofia, akauliza aandike wapi, na mwanasheria akamwonyesha.