Zawadi ya Hatamu

Teke la kwanza lilipasua ndoo. La pili lilivunja goti la baba, na kabla hajamaliza kumtaja Mungu, ua wetu ulikuwa umeshajaa. Mtaa ule wa mji wa Jhelum mtu hakuweza kupiga chafya bila nusu ya majirani kuingia kumwuliza amelalaje. Walikunywa chai yetu, wakamtukana yule farasi jike mwekundu, mdogo kama punda aliyeshiba, wakaondoka wakikubaliana kwamba Rangili hafai hata kwa mnunua ngozi.

Baba aliendesha gari la farasi maisha yake yote. Sasa alilala kwenye kitanda cha kamba, gari limesimama uani na kuku wanatagia kitini. Mdogo wangu Nazar alikuwa na ndoto za pikipiki ya miguu mitatu. Harufu ya samadi ilimkera. Nikabaki mimi, Zarina, ambaye nyumba mbili zilikwisha kuniposa zikaghairi, eti nina mdomo mrefu.

Nilianza na tumbo la Rangili. Dengu zilizolowekwa, kipande cha sukari guru kiganjani, kisha brashi, kisha mguu mmoja mmoja hadi akubali kushikwa kwato bila kuniwinda kwa meno. Baba alielekeza kutoka kitandani, nami nikafuata. Nilitembea nyuma ya Rangili na hatamu ndefu kwenye mchanga wa mto uliokauka. Nikamfungia gogo alikokote, nikalining'inizia makopo matupu, ili siku ya kusikia kelele za magurudumu asidhani shetani anamfukuza. Wanawake walipanda juu ya mapaa kututazama. Zarina amepata mume wa miguu minne, walisema, na afadhali huyu, hawezi kumjibu. Nilicheka nao. Kicheko chao kilikuwa nusu ya kazi. Farasi wa gari lazima azoee watu.

Asubuhi tuliyomwingiza kwenye miti ya gari alitetemeka ngozi yote, kama maji yanapopigwa na upepo. Nikangoja. Akashusha pumzi, akavuta. Tulizunguka soko zima, na niliporudi wale wale wa mapaani walikuwa mlangoni wakigombea nani atakaa kiti cha mbele: wa kwenda sokoni, wa kwenda kwa mkunga, wa kupeleka mabinti shuleni, wote waliochoka kukodolewa macho na waendeshaji wanaume.

"Mkono wako hauvuti," baba aliniambia. "Unaomba."

Hajawahi kunisifu tena. Maana nilipomwambia nataka kuliendesha gari lile niishi kwalo, alisema gari na farasi ni vya Nazar, naye Nazar akioa ataviuza.

Lakini kwetu bwana harusi hupanda farasi, na haondoki mpaka dada yake aliyeshika hatamu apewe anachoomba. Wengine huomba pete, wengine kitambaa. Na kumnyima dada hatamuni, mbele za watu, ni mkosi wa ndoa nzima.

Siku ya harusi ya Nazar, akiwa juu ya Rangili, nilishika hatamu kwa mikono miwili. Shangazi Rabia, dada yake baba, alisogeza shungi lake asipitwe na neno.

"Nipe huyu uliyempanda," nilisema.

Nyuma ya pazia la maua lililomfunika uso Nazar alicheka. "Mchukue, dada. Ameshanichubua makalio."

Watu walishangilia. Niliachia hatamu, na kwa siku zile chache nilikuwa mtu tajiri kuliko wote mtaani.

Kisha Shangazi Rabia akaja na peremende, kuniposa kwa ajili ya Mukhtar, mwanawe, mbeba matofali wa tanurini. Nilimwuliza baba kama mdomo wangu umefupika ghafla.

"Punguza ukali," alisema. "Binti hawezi kuwa na farasi akakosa nyumba. Ni wako, nani amekataa? Utakwenda naye."

Aliyasema kama mtu anayenifanyia hisani, na nadhani aliamini hivyo. Siku ya harusi yangu niliketi kiti cha nyuma cha gari, nimefunikwa uso, Mukhtar akiendesha. Kila alipovuta lijamu nilijua Rangili ameumia wapi.

Leo wakwe zangu huwasimulia wageni kwamba sikuja mikono mitupu. Hawasimulii kile kilima cha kwenda tanurini. Rangili alifika nusu yake na mzigo wa matofali, akasimama, na fimbo haikumsogeza. Mukhtar alirudi nyumbani amelowa jasho, akaniita nitoke jikoni.

"Njoo umwambie farasi wako."

Nilikwenda na unga mikononi. Nilimshika shingo, nikamnong'oneza. Damu ilikuwa imeganda ubavuni mwake.

Akavuta. Kesho yake wakaniita tena.